Meno ya Ukuta

Kwanza niseme jambo moja, maana watu wananiudhi. Mtu anapita njiani, anaona ukuta umesimama, anasema, "Ah, tofali juu ya tofali, nani hawezi?" Huyo natamani nimkabidhi mwiko hapohapo nimwambie, haya, tuone. Ukuta haupandi kwa tofali. Unapanda kwa uzi. Wewe unajenga kona hii, mwenzako anajenga kona ile, mnafunga uzi kati yenu, na kila tofali linalolazwa linaufuata huo uzi bila kuugusa. Uzi ukilegea, hata uletewe saruji ya dunia nzima, utajenga nyoka.

Kwa miaka ishirini na miwili, upande wa pili wa uzi wangu alikaa mtu mmoja tu. Kazini wanamwita Timazi. Timazi ni kile chuma kinachoning'inizwa kwa kamba ili mwashi aone kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alipewa kwa sababu ukuta wake hauinami, na mwenyewe pia haegemei upande: hasengenyi mtu, hapigi kelele, na maneno yake ni ya kuhesabu. Mimi nasema mpaka naombwa ninyamaze. Tulipatana hivyohivyo. Akimaliza kupanga upande wake anavuta uzi mara mbili, maana yake nimemaliza, pandisha. Mimi namjibu mara mbili, tunahamisha uzi kwenda kozi inayofuata, yaani mstari wa juu yake. Siku nzima inaweza kuisha tunaongea hivyo, na jioni ukimuuliza anakwambia leo tumepiga soga sana.

Tena ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu, niliyemfuata kuzaliwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka nyumbani kwetu siku ya kwanza, nikidhani nampeleka akale chakula cha mchana. Kumbe mwenzangu alikuwa na hesabu zake. Dada akawa ananitania mpaka uzeeni, "Wewe ulileta fundi, sikukuomba. Sasa ukuta ukipasuka nakuja kwako."

Nyumba yao tuliijenga sisi wawili, Jumapili kwa Jumapili. Vyumba viwili na sebule. Nyuma kulikuwa kuwe na jiko, chumba kidogo cha hatua nne kwa tatu. Msingi wa jiko tuliuchimba pamoja na wa nyumba, tukaupandisha mpaka usawa wa ardhi, tukaishia hapo kwa sababu mvua zilikuwa zinakuja na bati la nyumba lilikuwa halijapanda. Timazi akaacha meno. Meno ni hivi: ukijua kwamba siku moja ukuta mwingine utakuja kuungana na huu, unaacha nusu ya tofali imechomoza nje, kozi moja ndiyo, kozi moja hapana, toka chini mpaka juu. Siku ukuta mpya ukija, matofali yake yanaingia kwenye yale mapengo na kuta mbili zinang'atana. Asiyeacha meno atakuja kuunganisha kwa udongo peke yake, na hapo lazima upasuke, hata uape. Udongo ninaousema ni saruji na mchanga vilivyochanganywa, ndivyo tunavyouita kazini.

Meno yale yalikaa nje miaka kumi na tisa.

Si kwamba Timazi alikuwa mvivu, asije mtu akanielewa vibaya. Fundi ukimaliza kujenga kwa watu siku sita, siku ya saba mkono haufunguki. Halafu binti yao alikuwa anasoma, halafu likaja hili, likaja lile. Kila mwaka ni "mwezi ujao". Nyumba za mafundi zote ziko hivyo, nenda kaangalie. Dada alipigilia mabati matatu juu ya miti minne akawa anapikia hapo, ndani ya ule msingi, akiwa amekaa kwenye kigoda chake na mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Kwenye meno akatundika vitu vyake. Jino la chini fagio, la pili taulo, la tatu sufuria kubwa, la nne kiredio chake kilichokuwa kinakohoa kuliko kuimba.

"Ona ukuta wenu unavyonicheka," alikuwa anatuambia tukitoka kazini. "Meno yote nje. Fundi wa watu amerudi, karibu, fundi wa watu."

Timazi anachekea chinichini. "Nitajenga, mama. Mlango unautaka upande gani?"

"Jenga kwanza. Ukifika kwenye mlango uniulize."

Hiyo ilikuwa kama salamu yao. Nimeisikia mara ngapi sijui. Mlango unautaka upande gani, ukifika uniulize.

Na kulikuwa na hii habari ya maji. Timazi akifika nyumbani, awe amerudi saa kumi au saa moja, maji yake ya kuoga yalikuwa yameshamiminwa kwenye ndoo, ya moto yanafuka. Si kabla, yakapoa. Si baadaye, akangoja. Saa za fundi hazieleweki, siku nyingine saruji imekwisha mapema, siku nyingine mwenye nyumba anataka kozi moja zaidi, na simu enzi hizo alikuwa nayo jirani mmoja tu. Timazi ilimshinda. "Unajuaje?" anamuuliza. Dada anajibu, "Nina watu wangu." Huyo Timazi, asiyeongea, aliwahi kuniuliza juu ya jukwaa la ujenzi, uso umekunjamana kabisa, "Shem, kwenu kuna waganga?" Nikacheka mpaka mwiko ukaniponyoka.

Basi. Dada alishikwa na kichwa Jumanne. Jumatano akapelekwa hospitali, Alhamisi usiku akafariki, Ijumaa tukamzika. Nasema hivi kwa haraka kwa sababu ilikwenda kwa haraka, sina namna nyingine ya kuisema.

Kaburi tulilijengea sisi ndani, kozi nne za tofali pande zote. Watu walisema wapo mafundi wengine, pumzikeni. Timazi akashuka shimoni bila kumjibu mtu, nikamfuata. Tukafunga uzi. Nilikuwa nalaza tofali, mikono inafanya, kichwa hakipo, nasikia sauti yake kutoka upande wa pili: "Shem, tofali lako limepanda."

Nikamtazama. Macho makavu. Uso ule ule wa kazini.

"Limepanda kidogo," akarudia. "Ligonge."

Nikaligonga likashuka. Lakini toka dakika ile nilimwekea kinyongo. Dada yangu anasubiri hapo juu kwenye sanduku, na huyu anaona tofali langu limepanda kwa unene wa ukucha! Siku ile hakulia. Wala siku ya pili. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, nilimkuta kazini ameshachekecha mchanga na ameshapandisha kona yake.

"Umekuja," nikasema.

"Nimekuja," akasema.

Yakaisha. Na toka siku ile uzi haukuvutwa tena. Alikuwa anapanga upande wake, sawa kabisa, safi kuliko zamani, halafu anakaa ameinamisha kichwa anangoja. Mimi ndiye niliyekuwa naacha kona yangu, natembea urefu wa ukuta mzima kwenda kuangalia kama amemaliza. Namkuta amemaliza zamani. "Si uvute?" namwambia. Anaitikia kwa kichwa. Kozi inayofuata, vilevile. Ukimpa chakula anakula nusu. Ukimuuliza umelala, anasema nimelala. Ni kama umefikicha saruji mbichi kutwa bila glavu, jioni unashika kikombe hujui ni cha moto au cha baridi. Mtu yuko hivyo, lakini mwili mzima.

Mimi nami nilikuwa hivyohivyo, ila sikujijua. Nilidhani nina hasira tu.

Binti yao ni fundi cherehani, ana duka lake dogo mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Alikaa na baba yake wiki tano baada ya mazishi. Siku ya kuondoka alinifuata kazini, tukasimama pembeni ya lundo la kokoto.

"Mjomba, baba haongei."

"Lini aliongea?"

"Mjomba, sitanii. Haongei kabisa. Ananitazama kama ananingoja nimalize kusema ili atoke. Akirudi kazini anafyatua matofali uani mpaka giza linaingia. Ana kile kibao cha kufyatulia, anajaza, anashindilia, anang'oa, anapanga. Asubuhi anayamwagilia maji, jioni anayamwagilia tena. Matofali yanapata maji, yeye mwenyewe hanywi hata chai."

"Tofali lisipomwagiliwa wiki nzima halina nguvu," nikasema. Jibu gani hilo! Nilijisikia mjinga baada ya kulisema, lakini lilishatoka.

Akanitazama kwa macho ya mama yake. "Nimempa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nikija nikimkuta hivi, namchukua. Atakaa kwangu, nyumba tutaifunga. Siwezi kuwa nashona nguo za watu huku sijui kama baba yangu amekula. Wewe ndiye uliye karibu naye. Niambie kama kuna njia nyingine."

Sikuwa na njia nyingine. Ningesema nini? Kwamba akimchukua nabaki na uzi wenye kichwa kimoja? Nina miaka hamsini na minne, nikaanze kumfundisha mtu mwingine kuvuta uzi? Lakini hiyo ilikuwa haja yangu mimi, si ya mtoto. Na kusema kweli nilikuwa nimemnunia yule mwanamume kiasi kwamba sehemu ya moyo wangu ilisema achukuliwe tu, aende akanyamazie huko. Kwa hiyo mwezi ule wote sikukanyaga kwake hata siku moja. Tukiagana kazini, mimi huku, yeye kule. Dada angekuwa hai, angenichapa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, kama saa nne asubuhi, simu yangu ikalia. Ni binti. Alikuwa amefika na basi la alfajiri.

"Mjomba, njoo. Simwoni baba."

"Ametoka?"

"Hajatoka. Nasikia mwiko wake. Nasikia anagonga tofali. Lakini simwoni, na pa kuingilia sipaoni."

Nikadhani mtoto amechoka na safari. Nikavaa shati nikaenda. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilisimama kama niliyewekewa kigingi.

Mabati matatu na miti yake vilikuwa vimetolewa, vimeegemezwa kwenye ua. Juu ya msingi wetu wa miaka kumi na tisa palikuwa pamesimama jiko. Kuta tatu mpya, na ya nne ni ya nyumba yenyewe. Kozi nane, kumpita mtu kimo. Na ukuta wenyewe sasa! Mistari imenyooka kama imechorwa, viungo unene wa kidole kimoja, kila kiungo kimekaa katikati ya tofali la chini yake. Pale kwenye meno zile kuta zilivyong'atana, usingejua ipi ya zamani na ipi ya jana ila kwa rangi. Nikazunguka kushoto, ukuta. Nikazunguka mbele, ukuta. Kulia, ukuta. Mlango hakuna.

Binti alikuwa amesimama na begi lake bado begani. "Umeona?" akanong'ona.

Jirani akachungulia juu ya ua, mzee mmoja mpenda habari. "Sisi tulijua anajenga tangi la maji," akasema. "Nikasema mbona kubwa hivi, anataka kutuuzia mtaa mzima nini?"

Nikagonga ukuta kwa kiganja. "Shem!"

Mwiko ukanyamaza.

"Shem, uko ndani?"

"Nipo."

"Umeingilia wapi?"

Akasema, "Jana ulikuwa kifuani. Nimeruka asubuhi."

Nikaelewa. Matofali aliyapanga ndani tangu mwanzo, pipa la maji ndani, mchanga na saruji ndani, anachanganyia humohumo. Jana ukuta ulikuwa kozi tano. Leo kabla ya jua kuchomoza ameruka akaanza kupandisha, na kwa kuwa anajengea kwa ndani, kadiri alivyopandisha ndivyo alivyojifungia. Kichekesho cha mafundi hicho, tunawaambia wanaoanza kazi: angalia usije ukajijengea ndani kama yule bwege. Sijawahi kumwona huyo bwege. Na leo bwege mwenyewe ni Timazi, ambaye katika miaka ishirini na miwili sikumwona akikosea hata nusu tofali.

"Mlango uko wapi?" nikamuuliza. Nilitaka kucheka. Kicheko kilikuwa kimefika kooni.

Nikavuta ngazi ya jirani, nikaiegemeza, nikapanda mpaka kifua changu kikafika juu ya ukuta. Nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwiko mkononi, anaangalia kuta moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyeamshwa kwenye chumba kisicho chake.

"Shem," nikasema, "kila chumba kina mlango. Kozi ya kwanza tu unaacha nafasi. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa namngoja," akasema.

"Nani?"

"Alisema nikifika nimuulize."

Kicheko kikashuka kikaondoka.

"Kozi ya kwanza nilifika," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba udongo. "Nikasema nitamuuliza nikimaliza hii. Nikamaliza. Nikasema basi ya pili. Sikutaka kuuweka mahali asipotaka, shem. Amengoja miaka mingi, halafu nije niuweke mahali asipotaka? Nikawa napandisha kidogo, nangoja. Napandisha, nangoja."

Chini ya ngazi binti alikuwa ameweka begi chini, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Alisikia yote. Nilijua akitaka kumchukua baba yake leo sina neno la kumzuia. Mwanamume amejijengea ndani ya tangi akimngoja marehemu amwonyeshe mlango. Nani angesema mwache?

Sijui nini kilichonifanya nitazame ukuta wa nyumba, ule wa zamani, nyuma yake. Nadhani ni kazi tu, jicho la fundi huenda kwenye ukuta lenyewe. Ukuta ule hatukuwahi kuupiga lipu, tofali ziko wazi, zina ukali unaochuna ngozi. Lakini kozi ya tatu na ya nne, upande wa kushoto wa masizi ya moto, palikuwa na sehemu laini. Upana wa mgongo wa mwanamke. Imesuguliwa mpaka inang'aa kidogo, rangi yake nyeusi ya mafuta. Nimepita hapo miaka yote sikuwahi kuiona, kwa sababu siku zote mwenyewe alikuwa ameikalia.

"Geuka," nikamwambia. "Angalia nyuma yako."

Akageuka. Akaangalia. Akanyoosha mkono akaipapasa ile sehemu, kwanza kwa kiganja, halafu kwa ncha za vidole, kama tunavyopima lipu.

"Kaa hapo," nikasema. "Sogeza ndoo, kaa kama alivyokuwa anakaa. Mgongo hapo hapo."

"Kwa nini?"

"Kaa bwana! Unanipandisha hasira mbele ya mtoto."

Akakaa. Mgongo wake ulizidi ule wa dada, akajishusha kidogo mpaka mabega yakaenea.

"Sasa mbele ya pua yako ni wapi?"

Akanyoosha mwiko. "Hapa."

"Basi mlango ni hapo. Mtu hapiki miaka kumi na tisa akiangalia asipopataka. Piga alama."

Alipiga alama kwa ncha ya mwiko, mistari miwili kwenda chini. Mimi nikashuka, nikachukua nyundo na tindo, nikaanza kwa nje. Kozi za asubuhi udongo ulikuwa bado mbichi, tofali zilitoka nzima bila kubishana. Za chini ilibidi kuchonga viungo taratibu. Binti akavua viatu vyake vya safari akawa anapokea tofali na kuzipanga pembeni. Ya nane, ya saba, ya sita. Tulipofika ya nne nilimwona uso. Alikuwa hajaondoka pale ukutani. Amekaa vilevile, mgongo kwenye ile sehemu laini, mikono magotini, anatazama mbele.

Nikatoa tofali la kozi ya tatu.

"Toka hapo," akasema ghafla.

"Nini?"

"Toka, shem. Sogea pembeni. Umenikinga."

Nikasogea. Akainua shingo, akaishusha, akasogeza kichwa kidogo kulia. Macho yake yalikuwa yameshika kitu mbali.

"Kumbe," akasema.

Nikainama pale alipokuwa anatazama, nikafuata mstari wa macho yake. Upande huo wa nyuma, ambako hakuna ua, kuna nyumba mbili za majirani, tulizijenga sisi wenyewe, na katikati tuliacha uchochoro wa hatua moja kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Hakuna anayepita humo. Ukisimama huuoni, kamba za kuanikia nguo na mapaa vinauziba. Lakini ukikaa chini, kwenye kigoda, mgongo ukutani, jicho linapita chini ya kamba, linaingia uchochoroni, linatokea upande wa pili mpaka barabarani. Mpaka pale hasa magari ya wafanyakazi yanapoteremsha watu. Ni mbali, mtu anaonekana kimo cha kidole. Na sisi tukishateremka pale tunazunguka kwa njia kubwa, dakika nane au tisa, kwa sababu uchochoroni hakupitiki.

Dakika nane au tisa. Za kutosha kuteremsha sufuria ya maji na kuyamimina kwenye ndoo.

"Alikuwa ananiona," Timazi akasema. "Alikuwa ananiona toka kule."

Binti akaingia kwa kuruka yale matofali yaliyobaki, akachuchumaa karibu na baba yake, akaegemeza kichwa chake begani mwake, akachungulia pia. "Ndio, baba," akasema. "Mimi nilikuwa nakaa hapa nafanyia kazi za shule. Akikuona anasema, 'Yule pale, fundi wa watu, begani ana mwiko wake.' Halafu ananiambia nisikwambie."

"Hukuniambia."

"Aliniambia nisikwambie."

Timazi akaitikia kwa kichwa. Akawa anaitikia tu, mara nyingi, bila kuacha, na mkono wake ukaenda kichwani kwa binti yake ukakaa hapo na saruji yake yote. Hakulia. Nimesema mambo mengi kuhusu kutolia kwake, na sasa nayarudisha yote. Aliyelia ni mimi. Niliangusha nyundo nikakaa kwenye lundo la matofali nikamlilia dada yangu kwa sauti, wiki tisa baada ya kumzika, mpaka yule jirani mpenda habari akaona haya akaingia ndani kwake. Wiki zote hizo nilikuwa namsubiri shemeji yangu anilie.

Mchana tulimaliza mlango. Binti alipika ndani ya jiko jipya lisilo na paa, na baba yake akala sahani nzima, akaongezewa. Wakati wa chakula alianza kuongea. Aliongea kuhusu fremu, mbao gani, linta, yaani boriti ya zege juu ya mlango, aimwage lini, na katikati ya maneno ya linta akasema, "Tungejenga mapema tukauweka mlango kule upande wa bomba la maji, mama asingeniona," akaendelea na linta. Nilimtazama binti, binti akanitazama. Jioni alibeba begi lake kama alivyokuja nalo. Mlangoni aliniambia polepole, "Mjomba, nitarudi wiki mbili zijazo. Wewe uwe unakuja kwake. Ukinuna tena nakuja kukufuata."

"Nani alinuna?" nikasema.

Jumatatu tulikuwa kwenye ukuta wa ghala, mrefu, hatua thelathini. Nililaza tofali langu la mwisho nikafuta mwiko, nikajiandaa kuanza safari yangu ya kwenda kumwangalia. Uzi ukanigonga kidole. Mara mbili.

Nikaujibu. Tukapandisha.

Tuliteremka barabarani saa kumi na moja. Mimi nilishaanza kuzunguka kwa njia kubwa, nikaona sina mtu pembeni. Nikageuka. Timazi alikuwa amesimama palepale tulipoteremkia, begani mwiko wake, anatazama uchochoroni. Kule mwisho, kimo cha kidole, mlango ulikuwa unaonekana, mweusi, mtupu. Akainua mkono, si juu sana, kama anayemsalimia mtu mbele za watu anaona haya.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nampita bila kumsalimu," akasema.

Halafu tukazunguka. Tulipofika maji yalikuwa baridi. Akawasha moto mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akangoja yachemke.